Kitabu Nilichokichana

Nilikichana Januari, kwa kisu cha kukatia nyama,
mbele ya watoto ishirini na mmoja
waliolala macho wazi.
Mto Naryn ulikuwa umenyamaza tangu Disemba,
na jiko la makaa darasani lilikohoa kunishinda.

Nakala ilikuwa moja. Narudia: moja.
Jalada la kijani, kurasa mia mbili na nne,
hadithi ya farasi aliyeibwa usiku wa harusi,
na kila aliyehudhuria alikuwa na sababu ya kumwiba.
Mwezi mzima niliwasomea kwa sauti,
mimi huku mbele, wao kule nyuma ya miayo yao.
Nikiuliza swali, swali lilinirudia halijaguswa
kama sahani ya mgeni aliyeshibia kwingine.

Mama yangu alitunza maktaba miaka thelathini.
Alinawa mikono kabla ya kufungua kitabu.
Nilimfikiria gundi kavu ilipopasuka
ikamwagika mezani kama ukoko.
Ndipo Aizirek akainua kichwa:
"Mwalimu, umepatwa na nini?"
Swali la kwanza tangu Oktoba.

Mafungu matano, makundi matano.
Someni lenu, nikasema, kisha waambieni wenzenu;
hapa hakuna atakayeijua hadithi peke yake.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa,
lakini sikuonywa kwamba vidole
hugombania nani awe gumba.
Kundi la pili lilimwachia Janyl kazi yote,
akasoma, akaandika, akalia chooni.
Nikavunja makundi, nikaunda upya, nikakosea tena.

Jumatano nikakuta biashara.
Kundi la tatu liliuza jina la mlevi
kwa vipande sita vya jibini kavu.
Mtu alikuwa amechora ramani ya zizi
nyuma ya karatasi yangu ya mtihani,
na kamusi, iliyokuwa kigingi cha dirisha,
haikuonekana; dirisha likapigapiga siku nzima,
wala sikulifunga.

Fungu la mwisho sikuwapa hodari.
Nilimpa Ernazar, mtoto wa mchunga farasi,
akaaye karibu na jiko kwa kuwa makaa ni zamu yake,
asomaye kwa kidole, akikwama kwenye neno refu
kama lori kwenye theluji,
huku Begimai kando yake akingoja,
yeye ambaye hajawahi kumngoja mtu.

Ijumaa akasimama.
"Mwalimu, mwisho haupo."
Nilihesabu. Ukurasa wa mia mbili ukaishia katikati ya sentensi.
Nani aliwashia moto zilizobaki, mwaka gani, sijui.
Nikasema kweli, nikitazama viatu vyangu:
sijawahi kukimaliza. Nami sijui.

Darasa likanitazama kama mtu.

Wakabishana hadi kengele, na baada ya kengele.
Mlevi! Kaka yake bwana harusi! Mpishi!
Ernazar akangoja kelele zichoke.
"Farasi mkali hapokei hatamu usiku
kutoka mkono asioujua. Angepiga kelele kijiji kiamke.
Na kundi la kwanza, nyinyi mlisema
nani alikuwa akimlisha tangu akiwa mtoto."

Bi harusi.

Makaa yakaanguka jikoni.
Hapa kwetu kila msichana anamjua mmoja
aliyepelekwa harusini bila kuulizwa.
Begimai akasema polepole, kama anayesoma kwa kidole:
"Basi hakuiba.
Farasi alikuwa wake."

Nimekishona kwa uzi wa tandiko.
Kimenenepa, hakifungiki vizuri:
mna miisho mitano ndani, mwandiko wa kila namna,
na mmoja una doa la jibini.

Jana Ernazar aliuliza kama kuna kingine.
Kipo, nikamwambia, kabatini.
Akatia mkono mfukoni,
akaninyooshea kisu,
mpini ukiwa upande wangu.